Mgongo wa saba

Shoga, ngoja nikusimulie ya leo kazini.

Nilikuwa nabandua vibandiko vya majaribio ya sabuni kwenye migongo ya watu waliojitolea, kama kila Alhamisi. Migongo sita ya kwanza, safi kabisa. Wa saba ni wa yule mama msafishaji wetu, naye kajitolea. Pale tulipoweka manukato mapya pamevimba, malengelenge matupu!

Bosi akaingia bila hodi. Akatazama. "Hilo joto tu. Andika vizuri."

Andika vizuri! Na mama wa watu kalala kifudifudi, anasikia kila neno.

Nikasema, kwa ile sauti yangu ya panya unayoijua, "Bosi, vibandiko vingine kwenye mgongo huohuo havijamfanya kitu. Ni manukato. Na yanaenda kwenye sabuni ya watoto wachanga."

"Binti, usinifundishe kazi. Andika vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Vizuri!"

Nikamnyooshea kalamu. Mimi, shoga! Mimi! "Basi nitajie, neno kwa neno."

Mama akageuza shingo, akamkazia macho. "Mtajie, baba. Hata mimi nataka kusikia."

Bosi akapasuka: "Andika uongo! Haya, nimesema. Andika uongo!"