Taa Zangu Mpya na Bega la Shemeji

Jumatano, jioni, Mwanza. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu saa nane na mvua imekataa kunyesha.

Kwanza ieleweke. Katika mkoa huu wote, ukipanga watu watano wanaojua gari kwa kulisikiliza tu, mimi ni wa pili. Wa kwanza alishafariki, na hata yeye alikuwa akikwama ananipigia simu.

Nasema hivyo kwa sababu leo sina raha, na mtu asiye na raha huanzia kwenye yale anayoyaweza.

Ukurasa huu alinifungulia mpwa wangu Kabula, binti wa dada yangu Minza. Alisema, "Mjomba, stori zako zinapotea bure, ziandike." Humu nimeshaeleza nilivyolivuta lori la pamba kutoka kwenye tope la Magu kwa kagari kangu na kamba ya katani. Nimeeleza habari ya sangara aliyeniburuta na mtumbwi nusu ya njia kwenda Ukerewe. Kila nikiandika, Kabula ndiye wa kwanza kuweka maoni, vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, vitatu vitatu.

Leo ni siku ya kumi na moja hajaweka kitu. Na mimi sijaandika kitu.

Chanzo ni taa za gari.

Taa zangu za zamani zilikuwa za njano, hafifu, kama mtu anakimbia mbele yangu ameshika kibatari. Nikapitwa siku moja na kijana mmoja pale Nyakato, taa zake nyeupe pe, barabara nzima imekuwa mchana. Roho iliniuma. Mtu wa umri wangu, anayejulikana, anapitwaje na mwanga?

Nikaingia duka la spea nikanunua balbu mbili za LED. Boksi lake lina picha ya simba anatoa umeme machoni. Muuza duka akaniuliza nani atanifungia. Nikamcheka. Nikamwambia, mdogo wangu, mimi nimefunga taa za magari wewe hujazaliwa.

Nyumbani zikakataa kuingia. Balbu ya zamani ina masikio matatu, na kila sikio lina nafasi yake ndani ya taa. Hizi mpya sikio moja lilikuwa pana. Mtu mwingine angezirudisha. Mimi nilichukua tupa nikalisaga lile sikio mpaka likaisha kabisa. Nyuma zina kifeni, nacho kikazuia mfuniko wa mpira, basi nikautoboa kwa kisu. Balbu bado zinacheza. Nikazibana kwa mpira wa baiskeli, ule wa kufungia mizigo kwenye keria.

Nilipowasha, mwanga ulipanda mpaka kwenye bati la jirani. Kuku wake wakashuka kwenye mti wakidhani kumekucha.

Mtu mwenye akili angejiuliza mwanga wa taa ya gari unatafuta nini juu ya bati. Mimi nilipiga picha.

Jumamosi yake nikaenda kwa dada, Bujora. Niseme kidogo kuhusu dada Minza. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, yeye ana miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Mimi shule niliachia darasa la sita kwa utundu wangu. Yeye aliachia la tano kwa ajili yangu, ili mimi nisome. Hajawahi kunikumbusha jambo hilo hata siku moja, hata nilipolewa nikamharibia kipaimara cha Kabula.

Mume wake ni shemeji Maduhu. Ana ng'ombe wachache, na kila jioni akishakamua anafunga madumu ya maziwa kwenye baiskeli anawapelekea wateja Kisesa. Mimi na yeye ni watani haswa. Ananiita "mtaalamu". Namwita "waziri wa maziwa". Nikifika kwake lazima tutukanane kwanza ndipo tukae.

Siku ile niliondoka mjini nimechelewa makusudi, ili nifike giza linaingia na taa zionekane. Nikakata kushoto Kisesa, nikaingia barabara ya vumbi, nikawasha zote. Niliona mpaka majani ya juu ya miti. Nilijisikia kama naongoza msafara.

Shemeji hakuwepo. Dada akaniambia, "Mtakuwa mmepishana, ameenda na maziwa, sasa hivi anarudi." Nikakaa sebuleni, Kabula akaniletea chai, na kama kawaida wakaniangalia. Hawaniambii "tupe stori". Wananiangalia tu, wameshaanza kutabasamu.

Nikawapa.

Nikasema, "Dada, taa nilizofunga si mchezo. Njiani hapo nimekutana na mtu na baiskeli yake, madumu mawili nyuma. Taa zilipompata akadhani jua limechomoza mara ya pili. Baiskeli huku, yeye huko, mtaroni, puu! Kama chura. Miguu juu. Maziwa yamemwagika mpaka mbwa wa kijiji kizima wamekuja, wengine wamekuja na watoto wao!"

Kabula alianguka kwenye kochi. Dada alicheka mpaka akashika mbavu, anafuta machozi kwa kanga. "Muongo wewe, Shija! Muongo!"

Nikasimama, kikombe mkononi. "Naapa kwa kaburi la mama. Nimemwona kwa macho yangu mawili."

Tulikuwa bado tunacheka bodaboda ilipoingia uani.

Yule dereva wa bodaboda alikuwa amemshikilia mtu kwa mkono mmoja. Alikuwa shemeji Maduhu. Tope mpaka kwenye nywele. Shati limelowa maziwa, harufu ya maziwa imejaa mlango mzima. Mkono wa kushoto unaning'inia, na bega limeshuka vibaya, hata mtu asiye daktari anaona kuna mfupa umekatika.

Dada alimkalisha. Shemeji akaomba maji, akanywa, kisha akasema taratibu, "Gari. Lina taa hizo sijawahi kuona. Nimeshindwa hata kuona usukani wangu, nikaingia mtaroni. Na amepita anapiga honi, mke wangu. Nipo chini, yeye anapiga honi, kama ananicheka."

Kabula mkono ulikuwa bado mdomoni pale alipokuwa anacheka. Akaniangalia.

Shemeji akaniona. Akajaribu kutabasamu, masikini. "Eh, mtaalamu. Umekuja siku mbaya, leo waziri amemwaga bajeti yote."

Nikasema naomba nimpeleke zahanati, gari lipo hapo nje.

Dada alinisogelea. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alichukua kikombe mkononi mwangu akakiweka mezani. Akasema kwa sauti ya chini, ile ya kunituma nikiwa mtoto, "Shija. Nenda nyumbani."

"Dada, ana maumivu, kwenye gari atakaa vizuri..."

"Atapanda bodaboda."

Mume wake, bega limevunjika, na barabara ile yenye mashimo. Aliona bora bodaboda kuliko gari langu.

Niliwafuata kwa mbali, nimewasha taa ndogo za kuegeshea tu. Nikasimama nje ya zahanati mpaka nikaona wametoka, mkono umefungwa kifuani. Sikushuka.

Jumatatu nikapeleka gari kwa fundi umeme mmoja Mirongo, mzee mtaratibu, hana maneno. Akalisimamisha mbele ya ukuta akawasha. Akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Nani kafunga hizi?" Nikamwambia ni fundi mmoja wa Shinyanga. Akatoa mpira wangu, akatoa balbu, akashika pale niliposaga kwa tupa.

"Huyo wa Shinyanga ameziweka kichwa chini," akasema. "Lile sikio alilolikata ndilo lililokuwa linamkataza. Na hata zingekaa sawa, taa yako haikutengenezwa kwa balbu hizi, mwanga unatawanyika tu. Taa ya gari inatakiwa imwone mtu miguu. Hizi zinamwona macho."

Alinirudishia zile za njano. Hizo mpya zipo kwenye droo, ndani ya boksi la simba. Sijui kwa nini sijazitupa.

Nimempigia dada kila siku. Anapokea Kabula. "Mama yuko jikoni." Saa mbili asubuhi yuko jikoni, saa tisa yuko jikoni. Siku ya nne Kabula hakusema habari ya jikoni. Aliuliza swali moja tu, na hakuniita mjomba.

"Ulimwona baba akianguka ukamwacha?"

Nikasema haloo, haloo, mtandao. Nikakata.

Mtandao ulikuwa mzuri.

Sasa nieleze kilichonifanya nikae kuandika leo. Dada hajamwambia mume wake. Siku kumi na moja analala kitanda kimoja na mtu mwenye bega lililovunjika, anamkamulia ng'ombe, madumu anayabeba yeye na Kabula kichwani, na hajasema gari lile lilikuwa la nani. Sijui kama ananificha mimi au anaificha aibu yake ya kuwa dada yangu. Nimejua hajamwambia kwa sababu jana shemeji amenitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi. Anahema kidogo akiongea, maana kifua kimefungwa.

Anasema, "Mtaalamu, mbona umenitupa? Mimi naendelea vizuri, mfupa unaunga. Sikiliza, nina kazi yako. Wewe magari yote ya Mwanza hii unayajua. Nitafutie huyo mwenye zile taa. Sitaki polisi, sitaki anilipe. Nataka tu nimuulize ile honi ilikuwa ya nini."

Ile honi ilikuwa ya nini.

Nimekula ugali mara mbili toka jana na mara zote mbili nimebakiza. Watu wa kijiweni wananiuliza mbona nimekuwa mpole, nawaambia presha. Mke wangu ameshagundua si presha. Amenitazama asubuhi nikifunga viatu halafu navifungua, akasema, "Baba Ngolo, popote unapotaka kwenda, nenda." Kisha akaendelea kuchambua mchele wake.

Tatizo si kwenda. Ningekuwa na kosa moja, ningekwenda siku ile ile ya pili. Ningesema, dada, nilifunga taa vibaya, zimemuumiza mumeo bila mimi kujua. Dada angelia, angenitukana, tungemaliza. Lakini yeye amenisikia kwa masikio yake nikieleza yote, mtaro, madumu, miguu juu, maziwa. Kila kitu kilivyokuwa. Na nikaapa kwa kaburi la mama yetu, mama aliyemfanya yeye kuwa mama yangu. Kwa hiyo dada anajua kwamba mdogo wake aliona binadamu anaanguka, akaendelea na safari, akaja kukaa kwenye kochi la huyo huyo binadamu, akanywa chai yake, akamcheka.

Hata mimi mtu kama huyo nisingempokelea simu.

Kesho asubuhi nitakwenda Bujora, mchana kweupe. Nitamwambia shemeji mwenyewe, mbele ya dada na Kabula. Lakini najijua. Nikishasimama mbele ya watu, mdomo huu unaanza kupamba mambo. Ndiyo maana nataka neno hili nilitangulize hapa, limeandikwa, nisiweze kulibadilisha mlangoni. Kabula, najua huweki maoni lakini najua unasoma. Msomee mama yako.

Uliniuliza kama nilimwona baba yako akianguka.

Sikumwona. Sikuona mtaro, sikuona dumu, sikuona mbwa hata mmoja. Nilitunga. Nilipoingia sebuleni mkaniangalia vile mnavyoniangalia, na stori niliyokuwa nayo ilikuwa fupi, nikaona haitawachekesha. Nikamtia mtu mtaroni. Madumu nilimwekea kwa sababu kila baiskeli ya barabara ile ina madumu. Kisha nikaapa, kama ninavyoapaga. Ndivyo ninavyofanya stori zangu, karibu zote. Miaka hamsini na mbili ninayo na sijawahi kulisema hili kwa mtu.

Nilichokiona njiani ni kidogo tu. Mtu juu ya baiskeli aliinua mkono usoni.

Nilidhani ananisalimia. Nikafurahi, nikasema kumbe hata huku wananijua. Nikamwitikia kwa honi mbili.