Poka ya Nati Moja Moja

Nateete, Kampala
Jumapili

Dada yangu Wakesho,

Shikamoo. Kabla ya yote niambie mgongo wako unaendeleaje, na kama mvua imefika Voi au bado mnatazama mawingu yakipita. Mimi mwili ni mzima, ila nyumba imekuwa kimya. Mwenzangu tuliyepanga naye chumba alirudi Kenya bila kuniaga. Simlaumu, siku hizi mtu akiaga huulizwa maswali mengi. Ile gereji ya Katwe ninakoziba rejeta, tangu tajiri wetu Mhindi afukuzwe nchini, amepewa mwanajeshi mmoja. Vipuri hakuna. Nafungua asubuhi, mchana nimeshafunga.

Najua hupendi karata, lakini nivumilie. Baba Furaha, fundi cherehani Mkongomani, alikuwa akituchezesha poka barazani kwake kila Jumamosi. Pesa hatukuweka, tulichezea nati nilizookota gereji. Mwanzoni mwa mwezi huu tukafanya mashindano. Tulikuwa sita, kila mmoja na rundo lake la nati, ukiishiwa unainuka. Atakayebaki angechukua mfuko wa sukari ulioletwa na Sajini, askari wa kutoka kaskazini aliyependa kucheza nasi. Na sukari hapa, dada, tumebaki kuijua kwa jina.

Mchezo wangu mimi ni wa kidogo kidogo. Naweka nati moja, natazama. Mtu akiongeza sana na karata zangu ni mbovu, nazitupa, nangoja kugawiwa tena. Wenzangu walinicheka wakasema nacheza kama mtu anayechambua mchicha. Lakini wao waliwekeana marundo kwa hasira wakamalizana. Mmoja baada ya mwingine akavaa viatu akaenda zake. Baba Furaha naye akaishiwa, akaingia ndani kwenye cherehani yake. Jua lilipoanza kuinama tulikuwa tumebaki mimi na Sajini.

Hapo nikaingiwa na hofu. Kumshinda askari si jambo la kujisifia mji huu. Sajini akasukuma nati zake zote katikati. Mimi nilikuwa na wafalme watatu mkononi. Nikawatupa.

Akanyoosha mkono, akafunua karata nilizotupa. Kisha akafunua zake. Hakuwa na kitu, hata jozi.

"Wewe ilikuwa nashinda," akasema. "Iko naogopa mimi?"

"Naogopa, afande."

"Hiyo tu?"

Sijui ulimi uliniteleza vipi. Nikamwambia, "Nikishinda, mchezo umekwisha. Nitaenda chumbani, na chumbani hakuna mtu."

Akavua kofia, akaiweka kwenye benchi. "Basi weka moja," akasema. "Mimi pia naweka moja."

Tukacheza hivyo, nati moja moja, hakuna aliyekuwa na haraka. Akanisimulia habari za kwao Arua. "Mama yangu hapana jua kusoma," akasema. "Mimi naandika, sasa nani nasomea yeye?" Nikagawa karata.

Gari la jeshi likaja kusimama mbele ya baraza. Dereva hakushuka, alipiga honi tu. Sajini akavaa kofia, akasukuma nati zake upande wangu. "Sukari yako," akasema, akapanda.

Jana nilikwenda tena. Nikakuta kufuli mlangoni. Jirani akaniambia Baba Furaha amebeba cherehani yake, amerudi kwao Kongo na watoto wote. Sajini hakutokea, na habari za askari huwezi kumwuliza mtu yeyote. Nilikaa barazani peke yangu mpaka watu walipoanza kujifungia ndani, nikarudi chumbani.

Sukari nimempa dereva wa lori anayekuletea barua hii, akufikishie. Nimebakiza ya vikombe vichache. Msalimie shemeji, umwambie asifanye kazi juani na kifua kile. Msalimie shangazi yetu unayeishi naye, na mwanao mkubwa aliyeanza kazi ya reli, nimefurahi kusikia hivyo.

Uliniuliza ninarudi lini. Nitarudi, dada, siku nitakayopata dereva wa kunivusha mpaka pale Malaba bila maneno. Kwa sasa niandikie. Niambie mmepika nini, shangazi amegombana na nani, kuku wa nani ameingia shambani. Andika kirefu, hata kama habari hakuna.

Mdogo wako akupendaye,
Mwakio