Yale ni Mayai, Deo

Mdogo wangu Deo,

"Mimi sijasema Mama ni mchawi, Dada. Nimesema tu wenye ujuzi waje waangalie, ili Mama asafishike na maneno yaishe."

Hayo ni maneno yako. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mpaka nimekariri na kikohozi chako cha katikati. Sasa nisikilize na mimi. Mtu hasafishwi mpaka awe amechafuka. Ukimwita dobi aje nyumbani, umeshakubali kwamba kanzu ina doa, hata kama hulisemi. Ukiwaita wale lambalamba wanaozunguka vijijini na majembe, wakifukua viwanja vya vikongwe na kutaja majina mbele ya watu, umeshalitaja jina wewe mwenyewe. Unachotaka ni mdomo mwingine tu wa kulisemea.

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimekuitikia kabisa, ili usipate kisingizio cha kusema dada kaanza na matusi kabla ya salamu. Hamjambo? Mgongo wa mkeo umepoa? Mvua imekuja, au bado mnaangalia mawingu yakipita juu kwenda kwa wenzenu? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Baridi ya Ujerumani huanza na magoti ya mtu mgeni. Kazi ni ileile, naogesha na kulisha wazee wa watu katika nyumba yenye joto kila chumba, na ambamo watoto wao huja mara moja moja, wakiwa bado na makoti mwilini. Huwa nawalaani watu hawa kimoyomoyo. Nawaambia, kwetu Uluguru mzee hatupwi. Wiki hii sikuwaambia kitu. Hapa wazee wanasahauliwa. Huko kwetu, nimegundua, wanakumbukwa kwa kushukiwa.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu kila nikifikia neno zito mtandao wa Matombo unakufa, ukianza umbea unafufuka. Karatasi haikatiki. Mwenzangu wa kazini anayekuja likizo Morogoro atapanda nayo mpaka dukani kwako, na nimemwambia akukabidhi mbele ya wateja. Utamsomea Mjomba na wanajumuiya yote, bila kuruka. Kwa hiyo naanza toka mwanzo, maana Mjomba amesikia upande mmoja tu.

Mjomba, shikamoo. Kinyonga yule mnayemwita wa uchawi hakuja na mtu, wala hakutoka kwenye kibuyu. Mama alikuwa anakata mdalasini ili aumenye, akashusha tawi, akamkuta yumo, kijani kama jani lenyewe. Hakumshika. Alilibeba tawi zima mpaka kwenye mchungwa wa mlangoni, akaliegemeza, naye akahama mwenyewe, mguu mmoja mbele, anajipima, anarudi nyuma, anajipima tena. Mama akacheka peke yake. "Mtazame, bibi harusi huyu! Ukumbini wanakusubiri, mwenzangu, utafika wali umepoa." Ndipo likazaliwa jina Bi Harusi. Jioni ile alinipigia simu kunisimulia, na nikamsikia Mama akicheka kwa mara ya kwanza tangu tumzike Baba.

Huo ndio ufugaji wenyewe mnaouogopa. Hakuna kamba, hakuna kizimba. Kiangazi kilipokausha majani, Mama alichovya fagio la chelewa kwenye ndoo na kuyanyunyizia maji, kwa sababu kinyonga hanywi kwenye bakuli, hulamba matone. Maganda ya ndizi aliyatupa chini ya mchungwa ili nzi wajikusanye. Kuku akawahamishia upande wa pili. Vijana wawili walikuja na tumbaku, wanataka kumtia mdomoni waone anavyofanya akifa, kama mchezo wenu wa zamani. Mama aliwauliza, "Tumbaku hiyo tamu? Haya, tieni midomoni mwenu kwanza, mimi nitazame." Wakaenda zao.

Baadaye Bi Harusi akanenepa. Akaacha nzi, akawa anapandapanda bila kutulia. Asubuhi moja akashuka chini, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akachagua udongo laini ubavuni mwa kizingiti, akachimba kwa mikono na kichwa, akatoa mayai yake, akafukia, akakanyagia. Alipanda juu amekonda, ana matope mpaka machoni. Mama alikaa kwenye kigoda akimtazama. Aliniambia, "Kamaliza, Fortu. Na hakuna aliyempelekea hata uji."

Bahati mbaya, Mama hakuwa mtazamaji peke yake. Mama Anjela, jirani yetu, alipita na ndoo yake, akaona kinyonga anafukia kitu mlangoni, na bibi kizee kakaa anamwangalia kama anayesimamia kazi. Siku chache baadaye Anjela, mtoto wake, akapatwa na degedege. Unajua yaliyofuata, maana yalifuata mpaka dukani kwako. Kinyonga katumwa, kazika dawa. Mtoto akapelekwa zahanati, akapimwa, akakutwa na malaria, akatibiwa, akapona, na sasa anaruka kamba njiani. Nani aliyerudi kusema, "Jamani, ile ilikuwa malaria"? Hakuna. Mtoto kapona, neno bado linaumwa.

Mpaka hapo sikuwa na ugomvi na wewe. Mama Anjela alikuwa mama mwenye hofu, na hofu ya mama haiulizi. Ugomvi wangu unaanza na jembe lako. Ulifika Jumamosi, hukumsalimia Mama vizuri, ukachimba ubavuni mwa kizingiti huku majirani wamesimama kwenye migomba. Mama akakwambia, "Baba, taratibu, hayo ni mayai." Wewe ukamjibu, "Mama nyamaza, utajichongea." Hivyo ndivyo ulivyomwambia. Ameyarudia mara tatu kwenye simu, kama mtu anayepapasa jino lililouma.

Kisha jembe likapiga. Yakatoka meupe, madogo, yamebanana kama maharage kwenye ganda, na moja likapasuka, ute wa njano ukakushukia kwenye bapa la jembe. Umefuga kuku tangu utoto, Deo. Unauza mayai dukani kwako. Ute wa yai unaujua. Baba Anjela akasema kutoka kwenye migomba, "Hiyo ndiyo dawa yenyewe." Na wewe, mwanamume mzima, mwenyekiti wa jumuiya ya sala, ukapangusa jembe kwenye nyasi, ukafunika shimo kwa karai, ukasema, "Lisiguswe mpaka waje wenye ujuzi."

Ndiyo maana nina hasira, na ndiyo maana sikukubalii usemi wako kwamba hujasema kitu. Kweli hukusema. Neno moja tu lilihitajika pale, neno la herufi chache, na lilikuwa linachuruzika kwenye jembe lako. Hukulisema kwa kuwa uliwaza wateja, ukawaza kiti cha jumuiya, ukawaza watu watasema mtoto wa mchawi. Mjinga ningemfundisha. Wewe ulijua, ukanyamaza, na kimya chako watu wamekisikia kuliko kengele ya misheni.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema dada kakaa Ulaya, kasoma vitabu vingi, kasahau mila. Haya, tuijadili hiyo mila. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama. Jina la ukoo ulilo nalo, shamba unalolima, hata huo mteremko uliojengea duka, vimepita kwa Mama na kwa mama yake. Ikiwa Mama ana uchawi, basi na huo umepita njia hiyohiyo. Wewe unao. Mimi ninao. Mjomba, kwa heshima zote, wewe uliyenyonya ziwa moja na Mama, unao kutuzidi sote. Wakija lambalamba wapangeni foleni, Mjomba atangulie. Au uchawi ndio mali pekee ya ukoo isiyo na mrithi?

Na mila hiyohiyo inasema kiwanja kile ni cha Mama. Hukuomba ruhusa kutia jembe. Angetia mtu wa ukoo mwingine, ungemtoza mbuzi.

Mtasema tena, kinyonga ni mnafiki, hujigeuza rangi afanane na alipokaa, na mwenye siri hufuga mwenye siri. Nimegombana na watu wengi kwa hili, wenye shahada na wasio nazo. Kinyonga hajigeuzi kufuata ulipomweka. Mweke juu ya kitenge chekundu, hawi mwekundu. Asubuhi ya baridi huwa mweusi ili ajipashe jua. Akitulia huwa kijani. Akichukia, akiogopa, madoa humtoka mwili mzima, na hawezi kuyazuia hata akitaka. Kiumbe huyu hana pa kuficha kilichomo ndani yake. Wanaojua kujibadili wafanane na walipokaa nawafahamu, na nimezaliwa nao tumbo moja.

Usidhani nimehamia upande wa Wazungu. Jirani yangu hapa, mzee mstaafu, anaye kinyonga ndani ya sanduku la kioo, na taa ya kumpasha joto, na mashine ya kumnyunyizia maji. Aliniambia kwa fahari, "Kwenu mnawaua. Hapa kwangu yuko salama." Nilimuuliza, "Salama ya kwenda wapi?" Akasema ana kila kitu. Nikamwambia hata wazee ninaowahudumia wana kila kitu. Hatusalimiani tena, na wala sijutii.

Lakini tazama mlichokifanya. Mama sasa amemtoa Bi Harusi kwenye mchungwa, kamweka ndani, kwenye tenga, kafunika kwa kanga, kwa kuogopa mawe. Hali nzi, hanywi, kawa mweusi tii. Na Mama mwenyewe hatoki. Maji anachota watu wakishaondoka bombani. Alinipigia simu akicheka, kicheko nisichokipenda. "Fortu mwanangu, uzeeni nimepata cheo. Mimi sasa ni mchawi." Nikamwambia, "Mama, usiseme hivyo hata kwa utani." Akasema, "Jumuiya imeniruka, mwanangu. Ilikuwa zamu yangu. Nilishafagia, nimekopa viti. Nimewasikia wakiimba kwa jirani."

Deo, jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba. Haijawahi kuruka nyumba ya mlevi, wala ya mwizi wa ndizi, wala ya yule aliyemfukuza mkewe na watoto. Imeruka ya Mama, na wewe ndiye unayetangaza zamu. Ulisimama mbele ya watu kwa mdomo uleule unaosalia rozari, ukasema, "Wiki hii tutakuwa kwa Baba Anjela." Jumapili mkapeana mikono ya amani kanisani, na mkono wa Mama ukabaki hewani. Hili hakunisimulia yeye. Nimesimuliwa na mkeo, akilia, maana yeye ndiye aliyekwenda kuushika. Oa tena na tena, hutapata mke kama huyo.

Unajua wanavyoishia vikongwe wakishatajwa. Usinilazimishe niandike. Anaanza kurukwa na sala, mwisho anafikiwa na mapanga, na katikati yake huwa pana mtoto wake mmoja aliyesema "waje waangalie."

Msalimie mkeo, mwambie nampenda. Msalimie Anjela, nafurahi anaruka kamba, na mama yake mwambie simchukii. Yeye aliogopa mbele ya watu, hakuogopa watu. Wasalimie wanao, na usiwafundishe kunyamaza.

Sasa sikilizeni, nyote mnaosomewa. Mjomba, wewe ndiye kaka wa Mama, na katika ukoo huu neno lako ndilo linalofunga mlango; wazuie lambalamba wasikanyage kiwanja kile, na ukatae leo, usisubiri wafike na ngoma. Wanajumuiya, zamu iliyorukwa irudishwe Jumamosi hii, mwende na viti vyenu, Baba Anjela na mkewe wakae mbele. Na wewe Deo, ufike kabla yao. Uondoe karai kwa mkono wako. Yaliyobaki mazima usiyageuze wala kuyaviringisha, yafukie yalivyolala, taratibu, kama Mama alivyokwambia. Huanguliwa baada ya miezi mingi; mvua ya mbali ndiyo itakayoyajibu. Kisha usimame juu ya udongo huo, watu wakiwa wamekaa, uwatazame usoni, useme neno ulilolipangusa kwenye nyasi. Ukiisha kulisema, umgongee Mama mlango, umwamkie, usubiri mpaka atoke na tenga lake.

Sema mayai, Deo. Sema kwa sauti.

Mimi dada yako wa tumbo moja,
Fortunata