Gurudumu la Mbele

Malindi, Mji Mkongwe
8 Septemba 2024

Kaka Hisham,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, bahari imetulia na injini zenu hazikunyimi usingizi. Sisi huku wazima kwa uwezo wake Mola. Presha ya Mama imeshuka. Anakusalimia sana na anauliza kama huko melini mnapata samaki wabichi au mnakula makopo tu. Nimemwambia mtu anayeishi juu ya bahari hakosi samaki. Kasema, "Wewe hujui, muulize mwenyewe." Basi nimeuliza.

Kaka, nna habari mbili. Ya kwanza ya furaha: nimeteuliwa kuwa mwalimu mkuu! Si hapa ninaposomesha kemia, ni skuli moja ya Ng'ambo, ina mabanda matatu yaliyopandana kwenye mwinuko, na njia baina yake ni ya udongo na kokoto. Naanza Januari, muhula ukifunguliwa.

Ya pili, bega langu la kulia limegoma. Usiku silali upande ule, asubuhi siwezi kufunga ushungi bila ya kuuma meno. Daktari kanitazama, kaniambia, "Mwalimu, tangu gari ilipopinduka mikono yako ndiyo miguu yako, na umeitumikisha kupita kiasi. Ukiendelea kusukuma hivi utaikosa na hiyo." Kasema kiti changu cha magurudumu ni kizuri, nisikitupe. Nitafute kifaa chenye mota na betri kinachofungwa kwenye kiti hiki hiki, kinisaidie kusukuma.

Mama anataka nikatae cheo. "Kaa nyumbani mwanangu, watoto watakuja hapa ukumbini uwasomeshe." Hana nia mbaya, anaogopa. Lakini mimi sitaki kukataa. Wizarani wanangoja jibu langu mwisho wa Novemba. Wewe ndiye fundi wa mashine kwetu, nisaidie kuchagua.

Mdogo wako,
Rawiya

*

Melini, nje ya Fujairah
2 Oktoba 2024

Mdogo wangu Rawiya,

Marahaba, mwalimu mkuu! Nimefurahi mpaka nikawasomea wenzangu barua yako chumba cha injini, na wala hakuna hata mmoja ajuaye Kiswahili. Wamepiga makofi tu. Mimi sijambo, joto la huku ndilo linalotuua. Mwambie Mama samaki tunapata, ila mpishi wetu hajui kutia tui.

Sasa tuje kwenye mashine. Mwanzo nilifikiria kiti kizima cha umeme, kisha nikazikumbuka ngazi za mlangoni kwetu. Kiti kile kina uzito wa watu wawili. Atakinyanyua nani kila siku? Nikakiacha.

Vifaa vya kufunga viko vya namna tatu. Kuna magurudumu makubwa yenye mota ndani yake. Unatoa yako, unatia hayo, ukisukuma kidogo yenyewe yanazidisha nguvu. Mazuri, lakini mazito, na yanakipanua kiti. Kuna gurudumu moja la mbele lenye usukani kama wa baiskeli, linaning'inizwa mbele ya kiti, nawe unaendesha. Na kuna kigurudumu kidogo cha nyuma, chepesi, kinakaa chini ya kiti na kukusukuma, unakiamrisha kwa kitufe.

Hicho cha nyuma ndicho bora kwako. Chepesi, mtoto anakibeba, na kiti hakirefuki. Nimeshakinunua. Mwenzangu anashuka Dar wiki ijayo, atakipakia kwenye boti, upokee hapo hapo bandarini. Usihangaike na kitu, nimeshamaliza.

Kaka yako,
Hisham

*

Malindi
20 Novemba 2024

Kaka Hisham,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi nimeanguka.

Kifaa kilifika salama na nakushukuru. Ukumbini kilikwenda kama ndoto, nilizunguka meza mara sijui ngapi, Mama akipiga vigelegele. Kesho yake nikatoka nacho nje. Unaujua ule mfereji baada ya duka la Khatib, pale mawe yalipoachana? Vigurudumu vidogo vya mbele vikanasa kwenye ufa. Mimi nikasimama, mota nyuma haikusimama. Nikarushwa kifudifudi. Khatib kaacha wateja wake kaja mbio, kanikalisha, kanifunga kidevu kwa kitambaa cha kufutia mizani. Nimeshonwa. Bega limepata mtikisiko lakini halikuvunjika, alhamdulillah.

Mama kakifunika kile kifaa kwa kanga pembeni ya chumba kama maiti. Hataki hata kukipita karibu.

Kaka, nna hasira, na bora nikwambie kuliko kunyamaza. Nilikuomba unisaidie kuchagua. Wewe umenichagulia. Kwenye sakafu laini kifaa chako kinakwenda vizuri, na vile vigurudumu vidogo havina tabu. Lakini mimi siishi kwenye sakafu laini. Wewe unaijua mota, njia naijua mimi. Ungeuliza, ningekwambia habari za mawe, mifereji na ule udongo wa Ng'ambo.

Jana jioni Mama kanikalia mbele, kasema, "Sasa umeona. Waandikie." Nikawaandikia mbele ya macho yake. Nimekubali cheo.

Mdogo wako,
Rawiya

*

Malindi
11 Januari 2025

Kaka Hisham,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka kwa Mama. Hatujapata neno lako tangu barua yangu ya Novemba. Je, ni bahari au umenuna? Kama ni bahari, Mungu akulinde. Kama umenuna, nuna lakini soma.

Nimeanza kazi. Bajaji inanichukua barabarani, inaniacha langoni mwa skuli, na mwalimu mmoja ananisukuma mpaka ofisini. Hapo ndipo ninapokaa mpaka saa ya kuondoka. Banda la tatu, kule juu, sijalifika hata siku moja. Wanafunzi wa kule wananijua kwa jina tu. Juzi nimesikia mmoja anamuuliza mwenzake dirishani, "Mwalimu mkuu mpya anaonekana?" Mwenzake kamjibu, "Yumo humo humo ofisini kama feni." Nilicheka, kaka, kisha nikalia kidogo.

Ila nimempata mtu. Anaitwa Biasha, anakaa Mchangani, ana kibanda cha kushona nguo za harusi. Anatumia kiti kama mimi tangu utotoni, na analo lile gurudumu la mbele lenye usukani. Nimekwenda kwake Ijumaa. Mtu mcheshi, maneno yake makali. Kaniangalia kidevu kaniuliza, "Kigurudumu cha nyuma hicho, siyo?" Nikamwambia naam. Kasema, "Hicho ni cha watu wa marumaru."

Kanifungia lake kwenye kiti chake cha akiba. Unavuta mkono, na vigurudumu vidogo vinanyanyuka hewani, kiti kinabaki na magurudumu matatu makubwa. Hakuna cha kunasa tena! Nimepita kwenye mashimo, kokoto, hata tuta la mchanga wa mjenzi mmoja. Upepo ukinipiga usoni. Nilikuwa nshasahau kama mwendo wa mtu mwenyewe una upepo.

Lakini lina matatizo, na safari hii nayasema kabla hujanunua kitu. Kwanza, kiti kinakuwa kirefu. Kwenye kile kichochoro chetu chenye kona hakipindi. Nimekwenda kupima kwa kamba. Dawa nimeipata: Khatib kakubali gurudumu lilale dukani kwake, na lichajiwe pale. Ngazi za mlangoni nateremka kwa ubao alioniwekea, na kutoka hapo mpaka kwake nitasukuma kwa mikono, ni hatua chache tu. Pili, kiti changu ni cha kukunja na mabomba yake membamba. Vibano vya gurudumu la Biasha havishiki, vinateleza. Hilo siliwezi. Hilo ni lako.

Mdogo wako,
Rawiya

*

Melini, njiani kuelekea Salalah
26 Januari 2025

Rawiya,

Assalaamu alaykum. Natumai mko wazima, na kidevu kimepona. Sikununa. Niliona haya, na haya ilinifunga mkono zaidi ya mtandao mbovu. Nisamehe. Hukukosea hata neno moja.

Sasa tufanye kazi. Nipimie unene wa bomba la mbele, kulia na kushoto, kwa kipimo cha fundi vyuma, si kwa rula ya skuli. Nipimie na nafasi baina ya bomba na kikanyagio. Piga picha kiti kikiwa wazi na kikiwa kimekunjwa. Kiti cha kukunja kinayumba kikivutwa kwa mbele, kwa hiyo kinataka na chuma cha kukingama. Hapa tunayo mashine ya kukerezea vyuma, na mkuu wangu kanipa ruhusa baada ya zamu. Nitakuchongea vibano vyenye utando wa mpira ndani, visiteleze wala visikwaruze.

Nakuuliza, siamui: unataka breki moja au mbili? Tairi la mistari au laini? Na kuna jambo moja ulijue. Uzito wako uko nyuma, mota iko mbele. Kwenye mwinuko, udongo ukirowa, gurudumu la mbele linaweza kuzunguka bure. Mkoba wako wa vitabu usiutundike nyuma ya kiti. Uweke mapajani, na ukipanda uiname mbele.

Nasubiri jibu.

Kaka yako,
Hisham

*

Malindi
9 Aprili 2025

Kaka Hisham,

Shikamoo, na Idd mubarak ya kuchelewa! Sote wazima, Mama kanenepa kwa halua. Gurudumu ulilonunua na vibano vyako vilifika kati ya Ramadhani, vikaingia kama vimezaliwa na kiti. Biasha kavitazama, kavigonga kwa kucha, kasema, "Huyu kaka yako ana mke?" Nimemwambia nitauliza.

Breki mbili zile nilizochagua zimeniokoa mara moja tayari, mbele ya gari ya hamali. Nimefanya mazoezi wiki nzima baada ya alasiri kabla sijamwambia mtu skuli. Siku ya kwanza nimelichukua gurudumu kwa Khatib, nikalifunga, nikatoka Malindi, nikashika barabara ya Darajani pembeni kabisa, nikavuka na wavukao, nikaingia Ng'ambo. Peke yangu. Bega halikuuma. Langoni yule mwalimu anisukumaye alikuwa anangojea bajaji, akanipisha njia bila ya kunijua.

Sikwenda ofisini. Ilikuwa imenyesha usiku na ule mwinuko umerowa. Nikaweka mkoba mapajani, nikainama kama ulivyosema. Katikati gurudumu likaanza kuzunguka bure, udongo ukaruka. Nikaogopa, kaka, nisikufiche. Nikashusha mwendo, nikainama zaidi mpaka kifua kikagusa usukani, likauma ardhi, nikapanda. Banda la tatu! Darasa moja halina mwalimu, watoto wako juu ya meza wanaimba. Nikatokea mlangoni. Wakashuka mezani mmoja mmoja. Msichana mmoja wa mbele akanong'ona, "Huyu nani?" Nikamwambia, "Mwalimu mkuu wako. Fungueni daftari." Nimewasomesha kipindi kizima, matope mpaka kwenye ushungi. Tangu siku hiyo kila asubuhi nazunguka mabanda yote, na walimu wameanza kuwahi!

Siku ya Idd ndiyo ninayotaka kukusimulia zaidi. Miaka yote hii watu wamekuja kunizuru mimi, wananikuta nimekaa, wananipa mkono wa Idd, wanaondoka kwenda kwa wengine. Safari hii baada ya swala nimetoka mimi. Nimekwenda kwa Biasha, nimekwenda kwa walimu wenzangu wa zamani, kisha kwa shangazi Riyama, Mchangani. Nikabisha hodi. Kafungua, kanitazama, kisha akatazama nyuma yangu, kulia na kushoto.

"Kakuleta nani?"

"Nimekuja, shangazi."

"Najua umekuja. Kakuleta nani?"

"Hakuna. Nimekuja."

Kakaa kwenye baraza, kajishika kichwa, kisha kaanza kucheka na kulia pamoja, akawaita majirani mmoja mmoja waje waone. Nimekula biriani lake mpaka nikashindwa kuinama.

 Na Mama kile kigurudumu cha nyuma keshakitoa ile kanga. Tumempa Muzdalifa, binti wa jirani, naye ni mtu wa kiti kama mimi, anafanya kazi uwanja wa ndege na huko sakafu kama kioo. Anakwenda nacho mbio abiria wanamkimbia. Hukununua kitu kibaya, kaka. Ila hakikuwa changu.

Likizo yako Agosti, siyo? Usichukue teksi bandarini. Nitakuja kukupokea.

Mdogo wako,
Rawiya

*

Melini, nje ya Mombasa
3 Septemba 2025

Mdogo wangu Rawiya,

Assalaamu alaykum. Nimefika salama, mzima, na ile achari ya Mama imeshaisha kwa mikono ya wenzangu. Mpe salamu, mwambie presha yake aipime hata kama anajisikia vizuri.

Nnaandika haraka kabla mtandao haujakatika, maana kuna jambo sikukwambia nilipokuwa nyumbani. Tulikuwa tunacheka sana, sikupata nafasi.

Siku ile boti ilipofunga Malindi, nilikuona kutoka juu kabla wewe hujaniona. Ulikuwa nje ya lango, umelielekeza gurudumu barabarani, unabishana na dereva wa teksi aliyekuzibia njia. Kisha akasogeza gari. Nilisimama pale ngazini watu wakinipiga vikumbo, nikashindwa kushuka. Ulidhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nafuta macho. Ukanichukulia begi mapajani, ukaondoka, na mimi nikakufuata nyuma nikihema mbele ya watu wote wa Malindi.

Na jambo la pili. Jumatatu ile niliamka alfajiri, nikaswali, nikavaa viatu. Nilikuwa nimenuia nikupeleke skuli mwenyewe, hata kwa siku moja, nikiwa kaka. Nikabisha chumbani kwako. Mama alikuwa jikoni anageuza chapati, wala hakuinua kichwa. Kaniambia, "Keshatoka."

Hivyo tu, na sauti yake haikuwa na wasiwasi wowote. Nimerudi nikakaa na viatu vyangu, nikanywa chai.

Kaka yako,
Hisham