Vitofali vya Rigmor

Nørre Hede,
Mwishoni mwa Oktoba

Dada yangu mpenzi Rigmor,

Salamu nyingi zikufikie huko visiwani, wewe na shemeji Jógvan. Natumaini goti lako limetulia, na kondoo wa shemeji wameshashushwa kutoka mlimani kabla ya theluji. Mimi mdogo wako sijambo, ila mgongo, na mgongo nimeshauzoea. Hapa mvua haijakatika tangu mwezi uanze. Mtufaha wa mama umezaa kupita kiasi mwaka huu, na kwa kuwa mdomo nyumbani ni mmoja, mengi yameliwa na ndege.

Najua utashtuka kupata barua nzima kutoka kwangu, sisi ambao tumezoea kadi ya Krismasi yenye mistari miwili. Mimina kahawa ukae kitako, usiisome umesimama. Kuna jambo nataka kukuambia, nalo si jepesi, lakini siwezi kulifikia bila kupitia kwenye sanduku lako.

Majira ya baridi yaliyopita paa lilivuja juu ya chumba chako cha zamani, ambacho mama alikigeuza stoo, nikaingia kuhamisha vitu. Chini ya mashine ya kushonea ya mama nikakuta lile sanduku la mbao alilokutengenezea baba, limejaa vitofali vyako vya plastiki vya kuchezea, vyekundu na vyeupe, vimelowa. Nikavipeleka mezani nivikaushe. Kusudi langu lilikuwa hilo tu, dada, kuvikausha. Wewe unajua kwamba mimi sikuwahi kuvichezea. Wewe ulikuwa na vitofali, mimi nilikuwa na ng'ombe, na mlango wako ulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwamba wavulana na kuku hawaruhusiwi.

Basi nikakikausha kimoja, nikakibandika juu ya kingine ili kisipotee. Kikashika. Nikabandika cha tatu. Nilipokuja kuinua kichwa, viazi vilikuwa vimeungulia jikoni na nilikuwa nimejenga ukuta wenye dirisha. Nilicheka peke yangu. Maisha yangu yote nimefanya kazi kiwanda cha siagi, na siagi ukiimaliza leo kesho imeliwa. Ukuta ule asubuhi niliukuta pale pale ukinisubiri.

Tangu hapo nimepagawa, sina neno jingine. Nilianza kwenda kwenye minada ya vitu vikuukuu kila Jumamosi, nanunua vitofali kwa mfuko. Mama mmoja muuzaji aliniuliza ni vya wajukuu wangapi. Nikamjibu wawili, mapacha. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ilinifikisha nyumbani mfuko umejaa. Navipanga kwa rangi kwenye trei za mayai na mitungi ya siki ya mama. Ninachojenga ni nyumba yetu, chumba kwa chumba, na kiti cha baba pale pale karibu na jiko.

Kama ujuavyo, hapa kwetu hakuna anayefunga mapazia, na meza yangu iko dirishani. Kijiji kizima kilikuwa kinaniona. Siku moja kwenye duka la ushirika, Folmer, yule aliyekuwa tarishi, alinipigia kelele kutoka kwenye rafu ya mikate: "Bwana Ejvind, manispaa wamekupa kibali cha ujenzi, au unajenga kinyemela?" Nikamwambia mkaguzi akija nitamkaribisha kahawa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha kila mtu akaenda kwake, nami nikarudi kwangu.

Hapo ndipo penye shida, Rigmor. Tangu tulipomzika mama, hakuna mtu aliyekalia kiti cha pili cha meza yangu. Si kwamba majirani ni wabaya. Wananipungia mkono, wananiletea gazeti upepo ukilichukua. Lakini unajua desturi, mtu haingii nyumba asimoalikwa, na mimi sijui kualika. Kualika ilikuwa kazi yako. Ulipoolewa ukaondoka na wageni wote. Kuna wiki sauti yangu naisikia dukani tu, nikisema asante.

Sasa njoo kwenye siku yangu ya kuzaliwa. Ilikuwa ya sitini na tano, na asubuhi nilitoka kupandisha bendera ya kuisherehekea kama baba alivyotufundisha, kwamba hata ukiwa peke yako bendera ipande. Ilipofika katikati ya mlingoti, kamba ikakwama. Nilivuta, nikatukana, ikakataa kupanda wala kushuka. Nilikusudia kufuata ngazi ghalani. Lakini njiani likanijia wazo la namna ya kuzikunja zile ngazi zetu za ndani kwa vitofali, jambo lililokuwa limenishinda kwa muda mrefu, nikaingia ndani nijaribu mara moja. Ikawa ndiyo imetoka. Bendera niliisahau kabisa.

Mtu mzima mwenye mlingoti wake, dada, akaiacha bendera nusu mlingoti. Barabara nzima ikaelewa kwamba nyumba ile imefiwa.

Wa kwanza kubisha alikuwa Thyra wa ng'ambo ya barabara, yule mjane wa baraza la kanisa. Nilifungua nikiwa na kitofali mkononi. Akanitazama, akasema taratibu, "Pole sana, Ejvind. Ni Rigmor?" Kwa sababu kila mtu anajua kwamba sina mwingine. Nilifungua mdomo nimwambie ni kamba. Kabla sijatamka akanikumbatia. Thyra, ambaye hata Krismasi hutoa mkono tu. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunigusa zaidi ya kinyozi. Mdomo wangu ukafungika wenyewe, na yeye akachukua kimya changu kuwa ndiyo.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Hapa Nørre Hede, dada yangu, wewe ni marehemu.

Mchana ule walikuja wote. Walileta keki, samaki wa siki, mkate mweusi na chupa ya Folmer. Viti havikutosha, wengine wakakalia makreti ya bia. Na kwa kuwa meza ilikuwa imejaa nyumba yetu, wakaanza kuishika. Folmer akasema bomba la moshi nimeliweka upande usio wake, akalihamisha mwenyewe. Thyra akatafuta vitofali vyekundu vidogo akavipanga kwenye dirisha lako, akasema pale palikuwa na maua, na ndipo ulipokuwa ukirukia nje kwenda kucheza dansi, yeye akikudaka chini. Mimi nilikuwa silijui hilo. Wakasimulia ulivyomfukuza fahali wa kasisi kwa mwavuli. Wakacheka mpaka wakalia, wakalia mpaka wakacheka tena. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo katika nyumba hii, nami naona aibu kuiandika sentensi hiyo.

Ningeweza kusema kweli wakati wa keki, na wakati wa kahawa ya pili, na pale mlangoni wakiaga. Kila mara nilijiambia, ngoja kidogo, bado wamekaa.

Kisha juzi Thyra akanipitia na habari kwamba amempelekea kasisi jina lako, lisomwe kanisani Jumapili ya kuwakumbuka marehemu wa mwaka, pamoja na mshumaa. Uongo wa kunyamaza nyumbani ni kitu kimoja, kumwashia mshumaa mtu anayepumua ni kingine. Nilivuka barabara nikamweleza yote, kamba na ngazi na kila kitu, nikiwa nimesimama kwenye zulia la viatu.

Hakunipigia kelele. Heri angepiga. Alisema, "Mimi nimemlilia, Ejvind. Nimelia na mto wangu, kumbe mwenzangu yuko huko anakula samaki." Halafu akasema jina atamwambia kasisi aliondoe, lakini watu nitawaambia mwenyewe, baada ya ibada, kwenye kahawa, mbele ya wote. Nikamuuliza kama atakuja tena kwangu. Akajibu, "Siku nikimwona Rigmor kwa macho yangu, nitakuja. Kwako neno tupu silichukui tena." Akafunga mlango polepole.

Barua hii ikikufikia, Jumapili itakuwa imepita nami nitakuwa nimeshasimama. Sijui wataonaje. Huenda wakacheka. Huenda Folmer akanipita dukani kama anavyopita rafu ya sabuni, nikarudi kwenye kusema asante. Hilo ndilo ninaloliogopa, kuliko hata aibu.

Nakuomba uje, dada. Aibu yangu nitaibeba mwenyewe, usije kwa ajili yake. Lakini kuna kitu sikumwambia Thyra. Siku ile walipokuwa wakikulilia, nami nililia, na sikuwa naigiza. Machozi yalitoka yenyewe, nikajua kwamba nilikuwa nimeshakulilia muda mrefu kabla ya kamba kukwama. Nimekukosa, Rigmor. Sijawahi kukuambia hivyo, na kadi za Krismasi hazina nafasi.

Kamba nimeinunua mpya. Bendera nimeikunja, na haitapanda tena mpaka siku utakayoshuka kwenye meli, nayo siku hiyo itafika juu kabisa, barabara nzima ione.

Msalimie sana shemeji, na umwambie kondoo wataweza wiki moja bila mke wake. Wasalimie na wale wa kwa mama mkwe wako.

Nyumba imekwisha, isipokuwa chumba chako. Kuta zipo, maua ya Thyra yapo, ndani hamna kitu. Sijui kitanda chako kilikaa upande gani, maana hukuniruhusu kuingia. Usiniandikie jibu. Njoo ukiweke mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ejvind