Mfuko Aliouchagua Lilian

Jumatatu, 3 Machi
Nimeparua samaki, ngege watupu, hadi saa nane. Wateja wachache, nzi wengi. Nimerudi nyumbani nikampata mume wangu, Baba Nekesa, kwenye simu anaangalia mifuko. Ya kuweka samaki baridi akiwa kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki. Miezi mitatu sasa, kila Jumamosi yeye na wenzake wa kiwandani huenda kuvua bwawani.
Anamwuliza Lilian wa stoo upi ni mzuri. Lilian ndiye aliyewafundisha kupiga kasia.
Mimi niko hapa, magamba kwenye nywele. Miaka tisa nauza samaki soko la Jericho. Hakuniuliza.
Nina wivu. Nimeandika.

Jumatano, 5 Machi
Lilian ametajwa mara nne ugali ukiwa mezani. Lilian anasema uwe mwepesi. Lilian anapenda wa buluu.
Nimeuona kwenye picha. Huo ni wa kubebea chakula cha mchana. Kitambaa cha ndani chembamba, mishono ya sindano tu, maji yatapenya. Tena mfupi, ngege mkubwa atakunjwa. Bwawani jua linakuchoma kutoka juu na kutoka majini. Anahitaji mfuko mrefu, sponji nene, zipu inayobana, na barafu iwe ndani ya chupa.
Sikusema. Nilimwongezea mboga. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Ijumaa, 7 Machi
Mfuko umefika. Nimeugusa tu nikajua. Nikasema ni mzuri.
Sokoni leo nilikuwa nawaona akilini, yeye na Lilian kwenye kayaki moja. Magoti ya Lilian mgongoni mwake. Nimejikata kidole.

Jumamosi, 8 Machi
Amerudi saa kumi na moja na ngege saba. Hawajatolewa matumbo. Nimefungua zipu, wanaelea kwenye maji vuguvugu. Mashavu yamekuwa kahawia, macho yamezama.
Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.
Nikafunga zipu, nikaenda mazoezi ya kwaya.

Jumapili, 9 Machi
Kumbe jana nikiwa kwaya Mama Shiro, mteja wangu tangu nianze, alipita kuchukua samaki wake. Baba Nekesa akampa wanne, bure, kwa majivuno. Waliobaki aliwakaanga, akaonja mmoja, akawatupa wote. Mimi nimeyajua haya leo baada ya ibada.
Mama Shiro hakuja kanisani.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Shiro amekuja mezani kwangu sokoni asubuhi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Mama Nekesa, watoto wangu wanaharisha tangu juzi. Na mimi nilikuwa najua wewe unajua samaki."
Nikasema hao hawakuwa wangu. Wauzaji wenzangu walisikia yote. Hadi jioni nimeuza watatu.
Walikuwa wangu. Niliwaona wakiwa wameharibika nikawaacha pale.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia Baba Nekesa. Mfuko, nilijua tangu kwenye picha. Samaki, nilijua nilipofungua zipu.
"Ulikuwa unajua na umenyamaza tu?"
Nikasema ni kwa sababu ya Lilian. Akakaa chini. Akasema Lilian alimwambia siku ya kwanza kabisa amwulize mke wake, si ndiye wa samaki? Yeye ndiye hakutaka.
"Kila kitu nikileta hapa unakikagua kama uko soko. Nilitaka nikuletee samaki hata mara moja bila kufundishwa."
Basi nikauliza lile la tangu Ijumaa: huwa wanakaaje kwenye hiyo kayaki?
Ni ya mtu mmoja, akasema.

Jumatano, 12 Machi
Tumeenda wote Mowlem kwa Mama Shiro. Kila mmoja akaomba msamaha wake, mimi nikianza. Watoto wanacheza, namshukuru Mungu. Alitupa chai. Kama atarudi kununua, hakusema.

Jumamosi, 15 Machi
Baba Nekesa hakwenda bwawani. Wenzake walipiga simu, akawaambia ana kazi. Hana kazi. Alikaa sebuleni akibonyeza rimoti. Nilizitaka Jumamosi zake, na sasa nimepewa hii moja, na imenichosha.
Saa sita nikamwambia avae viatu. Tukaenda Kariobangi, kwa fundi anayeshona viti vya magari. Baba Nekesa akaeleza mwenyewe mfuko anaoutaka: wa kayaki, wa samaki, urefu kuanzia hapa hadi hapa. Matumbo atayatoa palepale ufukweni, akasema, bila kuulizwa na mtu.
Fundi akanigeukia mimi. "Mathe, sponji iwe nene aje?"
Wote wawili wakangoja.
Nikasema aulizwe mwenye mfuko.
Kidole kimoja, akasema Baba Nekesa. Kwa siku moja kinatosha. Mimi ningesema viwili.
Nikashika upande mmoja wa turubai, fundi akakata.