Wimbo wa Kuosha Slaidi

Jumatatu, 3 Juni

Ratiba ya mitihani imebandikwa. Nimeisoma mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa tumbo. Nadharia wiki hii, vitendo vya maabara Jumatano ya wiki ijayo. Hivyo vitendo ndivyo vinavyoninyima raha. Mwaka jana nilipenya kwa alama za huruma. Mwaka huu ndio wa mwisho: nikianguka, wenzangu wanavaa majoho, mimi narudia mwaka mzima. Na Mama ameshawatangazia majirani kwamba bintiye ni mtu wa maabara. Hata fundi viatu anajua.

Redio hana wasiwasi. Karudi kutoka kwenye ubao wa matangazo anaimba. Jina hilo nilimpa mimi, wiki ya kwanza tulipopangwa chumba kimoja, kwa sababu hazimiki. Wakati ule nilitaka kuhama. Leo angehama yeye ningelia.

Jioni nikamuuliza, wenzangu mnasomaje? Akacheka, akachukua simu yangu, akaitia kwenye sufuria, akafunika, akaipandisha juu ya kabati. Akasema hilo ndilo somo la kwanza.

Jumanne, 4 Juni

Nimekubali kuwa mwanafunzi wa Redio. Masharti yake niyaandike kabla sijaanza kuyabishia.

Kila somo lina muziki wake, na muziki huo haupigwi kwa kitu kingine. Damu ina kinanda cha polepole. Vijidudu vina ngoma. Hesabu za vipimo — gitaa tupu, bila mtu kuimba, kwa sababu anasema maneno ya wimbo yanagombana na maneno ya kitabu, na wimbo hushinda kila mara. Ukibadilisha somo unabadilisha na mahali pa kukaa. Damu kitandani, vijidudu mezani, hesabu sakafuni. Ukikwama, fua nguo. Sio kulala, sio kuchungulia simu — fua. Ndiyo maana mwenzangu ana nguo safi kuliko chuo kizima!

Na analala mapema. Mimi nilidhani wanaofaulu ni wale wanaokesha na macho mekundu. Yeye taa inazimwa watu wengine ndio kwanza wanachemsha chai. Anasema ubongo ukilala ndipo unapanga kabati lake.

Nimebisha sharti moja moja. Halafu nimekaa sakafuni na gitaa, na hesabu ya kuchanganya dawa iliyonisumbua muhula mzima imetoka. Sikumwambia. Ila aliona ninavyotabasamu na daftari, akaongeza sauti kidogo.

Alhamisi, 6 Juni

Mtihani wa damu leo asubuhi. Swali la tatu lilinikodolea macho. Nikafumba yangu, nikajikuta kitandani kwangu, kinanda kile kikaanza, na ukurasa ukaja na doa lake la chai pembeni. Nimeandika mpaka mkono ukafa ganzi.

Nimempenda huyu dada. Naandika hapa tu maana nikimwambia atavimba kichwa, na chumba chenyewe ni kidogo.

Mchana tulikwenda maabara kufanya mazoezi ya kupaka rangi slaidi. Hapo ndipo penye ugonjwa wangu. Unapaka sampuli kwenye kioo, unaikausha, unamwaga zambarau, unasubiri, unaosha. Ayodini, unasubiri, unaosha. Spiriti, kidogo tu, unaosha. Mwisho nyekundu. Ukienda vizuri, chini ya hadubini bakteria wa aina moja wanabaki zambarau, wa aina nyingine wanakuwa wekundu. Ukikosea spiriti, umekosea yote: ikizidi wote wekundu, ikipungua wote zambarau. Mimi ama nachungulia saa kila mara ama naisahau kabisa.

Redio haangalii saa. Anaimba! Katunga wimbo mwenyewe, beti zake zimepimwa kwa muda wa kila rangi. Zambarau ikae, ikae, ikae — maji. Ayodini ikae, ikae — maji. Anamwaga na kuosha bila haraka, mkono unafuata sauti. Tulisimama nyuma yake, mimi na Waziri na wengine wa safu yetu. Waziri ni yule kijana mwenye mdomo, anahutubia hata foleni ya chakula. Leo alinyamaza. Halafu akasema, dada, tufundishe na sisi.

Akatufundisha. Tukaimba wote, Mwalimu wa Maabara akachungulia mlangoni akidhani kuna harusi.

Kuna mahali wimbo unanyamaza. Kwenye spiriti. Redio anaimba "spiriti ipite", kisha kimya, kisha anaangalia kioo kikichuruzika, kisha "maji". Alisema hapo hamna kuimba, hapo ni macho. Rangi ikiacha kutoka ndipo unaosha, na kila slaidi ina muda wake, nene inachelewa. Tukaitikia sawa, sawa.

Ila ule ukimya ulikuwa unatukwaza. Wimbo unakwenda vizuri, mara unakatika kama umeme. Waziri akaweka kofi hapo. "Spiriti ipite" — pa! — "maji." Ikawa tamu ajabu. Tulitoka maabara tukipiga kofi hilo mpaka bwenini.

Jumapili, 9 Juni

Redio hajalipenda kofi. Alitukuta ukumbini tunafanya mazoezi kwa vijiko, akasema mmekiziba kidirisha changu cha kutazamia kioo. Waziri akamjibu kwamba kila wimbo mzuri huongezewa vionjo. Redio alicheka lakini hakuendelea kucheka.

Leo nimefua shuka zote mbili. Kila nikikwama nafua. Mama kapiga simu, nikaitoa kwenye sufuria, akauliza sauti gani hiyo, nikamwambia nasoma. Akasema kusoma gani kwenye beseni, mwanangu.

Jumatano, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa mzima. Nilioga kwa wimbo, nilikunywa chai kwa wimbo. Maabara ilipangwa vizuri, kila mtu na sinki lake na chupa zake. Msimamizi alikuwa mgeni, mama mmoja kaletwa kutoka chuo kingine, miwani yake ina kamba ya shanga. Akasema atakayefungua mdomo atatoka. Sisi safu ya mbele, Redio nyuma yetu peke yake kwa sababu ya herufi ya jina lake.

Nikapaka sampuli. Nikamwaga zambarau. Na kichwani ukaanza, ikae, ikae, ikae. Sikutazama saa hata mara moja! Nikafungua bomba. Na nilipofungua mimi, mabomba yote ya safu yakafunguka. Shaaa, pamoja. Nilitaka kucheka. Ayodini, vilevile, shaaa, kama askari wanaopokea amri. Kwenye spiriti nikalisikia kofi kichwani, nikaosha, na wenzangu wakaosha. Baadaye kidogo, nyuma ya mgongo wangu, bomba moja likafunguka peke yake.

Msimamizi akasema, simameni, wekeni kila kitu chini.

Alikuwa anatutazama tangu zambarau. Alisema amesimamia mitihani miaka mingi lakini hajaona watu wakiosha slaidi kama kwaya. Akauliza nani anatoa ishara. Akainama, akatazama chini ya meza, safu hadi safu. Mguu wa Redio ulikuwa unagonga sakafu, taratibu, wenyewe. Hata yeye alishtuka alipouona.

Tumeruhusiwa kumaliza. Majibu yetu yamefungwa kwenye bahasha hadi kamati ya mitihani ikae. Redio peke yake kaandikiwa barua: kutoa ishara ndani ya chumba cha mtihani. Waziri anasema adhabu ya hilo ni kufukuzwa. Kwa mara ya kwanza sitaki kusikia sauti ya Waziri.

Alhamisi, 13 Juni

Redio kaimba leo, lakini bila maneno.

Ametakiwa kuandika maelezo. Alinipa nimsomee kama kuna makosa. Mistari michache tu: kwamba alitunga wimbo, akatufundisha kabla ya mtihani, mguu kugonga ni mazoea yake, hakumwelekeza mtu. Nikamwambia haya hayatoshi, mbona hujitetei? Akasema ndiyo yaliyotokea. Akaingia kufua. Nguo zile zilikuwa safi.

Nimekaa kitandani, mahali pa damu, nikalifikiria lile bomba lililofunguka peke yake.

Lilikuwa lake. Sisi tuliosha kwa kofi, yeye akawa bado anaangalia kioo. Kama angekuwa anatuongoza, maji yake yangetoka pamoja na yetu au kabla. Yalichelewa! Hilo moja linamtoa. Nikamkimbilia bafuni na habari hiyo kama niliyeokota dhahabu.

Akaendelea kusugua kola. Akasema, najua.

Nikamuuliza kwa nini hakuandika. Badala yake akaniuliza slaidi yangu niliionaje. Nikasema zambarau, zote. Akauliza sampuli yangu nilipaka nene? Nikasema nene kiasi. Akasema yake ilikuwa na zambarau na nyekundu, mchanganyiko, na sampuli zetu sote zilitoka kwenye chupa moja.

Ndipo nikaelewa. Nikisema maji yake yalichelewa kwa sababu alikuwa anaangalia, nimesema na sisi hatukuangalia. Safu nzima tumeosha kwa kofi la Waziri, vipofu, tukaandika jibu moja la uongo. Mtu wa maabara asiyeangalia! Hapo sio alama za huruma tena.

Aliliona hilo tangu jana, akatusitiri. Na huku yeye ndiye atakayefukuzwa. Nimewahi kusikia watu wakisifiwa kwa ukarimu, wanatoa hiki na kile. Sijawahi kumwona mtu akitoa kitu cha namna hii huku anasugua kola.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwambia Waziri. Amekaa chini kwenye ngazi. Akasema tusikurupuke, pengine kamati itamwonya tu. Akasema safu nzima ni watu wengi na yeye ni mmoja. Nikamwambia huyo mmoja ndiye aliyetufundisha. Akasema anajua, na kofi ni lake, ndiyo maana hajala tangu jana. Kisha akaniomba, kwa adabu kabisa, nisiseme.

Nikampita, nikapanda ngazi.

Jumamosi, 15 Juni

Fua. Anika. Kunja. Mama kauliza mtihani umekwendaje. Nimesema tunasubiri.

Jumatatu, 17 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi la ukumbi wa maabara. Tumeitwa mmoja mmoja. Waziri yuko pembeni yangu, shati kalifunga mpaka shingoni.

Redio ameingia wa kwanza. Asubuhi alivaa gauni lake la kijani, akaniuliza kama pindo limekaa sawa, basi. Mwalimu wa Maabara alipita hapa akatuambia kwa sauti ya chini: wamempa slaidi mpya, wameondoa saa ukutani, wamemkataza kuimba na mguu umewekwa juu ya mto laini usisikike. Wanataka waone atafanyaje akiwa hana mtu wa kumpa ishara wala wa kupewa. Yule mama wa miwani ya shanga ana saa mkononi.

Mlango ni mwembamba. Hakuna sauti ya mtu, lakini bomba linasikika.

Nimeanza naye kichwani. Zambarau ikae, ikae, ikae — na maji yakafunguka. Pale pale! Waziri amenigeukia. Naye alikuwa anaimba kimoyomoyo.

Ayodini ikae, ikae. Maji. Pale pale.

Spiriti ipite. Kiganja cha Waziri kikadunda kwenye paja lake, pa, hakuweza kukizuia. Na ndani — kimya. Hakuna maji. Wimbo ulishapita, sisi wawili tumebaki tumeachwa njiani, na bado kimya. Nimemwona, japo kuna mlango: kainamisha kioo, anakitazama, hana haraka na mtu. Kamati nzima imekaa mbele yake, maisha yake yako mezani, na anasubiri rangi iache kutoka.

Kisha maji.

Waziri ametazama kiganja chake kwa muda. Akasema, ameangalia.

Nikasema ndiyo.

Nyekundu, maji ya mwisho, viti vinasogezwa ndani. Sasa wanaongea, sauti ya yule mama iko juu kuliko za wengine lakini maneno siyapati. Redio hajatoka. Sijui wameona nini kwenye ule ukimya. Huenda wamedhani alisahau.

Mlango umefunguka. Wanaita jina langu. Nimemtazama Waziri, nikangoja aniombe tena. Amenyoosha mkono anishikie begi.

Nitaanza na lile kofi.